Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 3 Machi
Kazi! Shule imeniita nipake rangi ukuta wa darasa la hesabu. Msimamizi wangu ni mwalimu wa hesabu, mwanamke ambaye nikimwona tu ulimi unakuwa mzito. Anataka iandikwe namba tasa, kubwa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Akasema ataniletea. Nikamwambia asisumbuke, ninayo. Sina! Lakini mwalimu wa fizikia alikuwa pale pembeni, akijishaua. Ningefanyaje?

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata. 1,000,001. Uzuri ulioje! Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ile ile. Si shufwa. Haiishii na tano. Jumla ya tarakimu zake ni mbili, kwa hiyo tatu hana chake hapo. Nikaigawa kwa saba, ikakataa. Kumi na moja, ikakataa. Dada yangu akauliza kama nimerudi shule. Nikamwambia aniache, ni mambo mazito. Nikafika tisini na saba. Imekataa! Mkono umekufa ganzi. Iliyowakataa wote hao itamkubali nani? Basi, ni tasa.

Jumatano, 5 Machi
Nimepaka. Rangi ya mafuta, nyekundu, kila tarakimu ndefu kama mlango. Chini yake: NAMBA TASA. Mwalimu wa hesabu akaja, akatazama, akanyamaza. Nimemgusa moyo!

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Mwalimu mkuu kaleta wazazi waone ukuta. Yule wa fizikia akachomoa chaki, akaandika pembeni: 101 × 9,901. Mia moja na moja! Namba tasa inayofuata baada ya pale nilipochoka! Wazazi wakacheka. Mwalimu mkuu akauliza ni nani aliyeleta fundi huyu. Nikatazama viatu vyangu.

Mwalimu wa hesabu akasema ni yeye. Akasema namba ni nzuri, hao wawili walioizaa ni tasa wote, na wanafunzi watafaidika kuwatafuta. Walipoondoka akaniambia kosa aliliona jana, ila nilikuwa na furaha mno, akashindwa kuniharibia.

“Futa maneno tu,” akasema. “Namba iache. Na siku nyingine ukiwa na shaka, si uniulize?”

Akanishikia ngazi mpaka nikamaliza. Yeye mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi
Kuna ukuta wa pili. Amesema nipite ofisini kwake mchana, tutafute namba tasa pamoja. Pamoja! Lakini siwezi kwenda mikono mitupu. Nimetafakari: ile namba ilikuwa ndogo mno, ndiyo maana iligawanyika. Nimeongeza sifuri. 10,000,001. Mbili, imekataa. Tatu, tano, saba, zote zimekataa. Kumi na moja nimeiruka. Ile ndogo iliikataa, sembuse hii kubwa.

Kopo la rangi nimeshalifungua. Atakuta tayari!