Bafle za Nyuma za Celica

Jumatatu, 10 Juni 2024

Binti yangu Joyeuse anaolewa Jumamosi. Ameniomba kitu kimoja tu: aende kanisani ndani ya Celica yangu, kiti cha nyuma, huku kaseti ya mama yake ikilia. Valérie aliimba kwaya miaka ishirini. Ana miaka sita kaburini. Kaseti hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki.

Celica ni ya mwaka 1977, milango miwili, nyekundu pale rangi ilipobaki. Bafle za mbele, yaani spika za redio, zinanong'ona. Za nyuma zimekufa kabisa. Joyeuse alisema nimuite mjomba wake Tshiamala, anayetengeneza redio sokoni. Nikasema nitafanya mwenyewe. Tshiamala aliwahi kuiita Celica sufuria yenye magurudumu, mbele za watu. Mi si mtu wa kinyongo. Ilikuwa tarehe nane Mei 2011, baada ya misa.

Jumanne, 11 Juni

Nimenunua bafle mpya. Muuzaji aliapa zinaingia gari lolote. Ni za duara. Matundu ya Celica, pale chini ya kioo cha nyuma, yana umbo la yai. Nikachukua msumeno wa chuma. Nina miaka sitini na mitatu. Vumbi la kiangazi puani, mgongo hauna habari nami tena. Saa kumi tundu la kushoto likawa tayari. Bafle ikapita yote, ikaangukia ndani ya buti.

Jumatano, 12 Juni

Nimekata vibao vya kuzishikilia bafle, kutoka mlango wa kabati. Zimekaa vizuri. Sasa buti halifungi, kwa sababu sumaku za bafle zinagonga vyuma vya kifuniko. Nimelifunga kwa kamba. Jirani yangu Mama Falonne ameuliza kama nahamia Dilolo.

Alhamisi, 13 Juni

Siku ya waya. Kila bafle ina ndimi mbili za chuma, mmoja mpana, mwingine mwembamba. Waya pia ni mbili, na mmoja una mstari. Upi unaenda wapi? Sitamuuliza Tshiamala. Nimemtuma Mama Falonne, amuulize kana kwamba ni redio yake. Amerudi saa nane. Amesema Tshiamala alimweleza vizuri, hata akamchorea kwenye kiganja, ila njiani amenawa mikono ili ale. Tena Tshiamala ametuma salamu kwa Celica.

Nikafikiri sana. Upande wa kushoto nimeunga waya wa mstari kwenye ulimi mpana. Kulia, kwenye ulimi mwembamba. Kwa njia hiyo upande mmoja lazima uwe sawa. Nimelala mchana nikiwa na amani.

Ijumaa, 14 Juni

Joyeuse amekuja kujaribu kiti. Akakaa katikati, nikaweka kaseti. Kwaya ikatoka nyembamba, bila kifua. Sauti ya Valérie haikuwepo. Nikaweka sikio kwenye bafle ya kushoto: yupo. Ya kulia: yupo. Pale alipokaa binti yake, hakuna.

Joyeuse hakulalamika. Alisema, "Tata, iko kama mama anaimba mu nyumba ya jirani." Kisha akaenda kupiga pasi gauni.

Nilibaki ndani ya gari, nimechoka mpaka mifupa. Halafu nikavaa viatu nikaenda kwa Tshiamala. Ni mwendo wa dakika kumi. Tangu 2011 sikuwa nimeufanya kwa hiari yangu.

Jumamosi, 15 Juni

Tshiamala alifika saa moja asubuhi, suti tayari mwilini. Nilingoja acheke. Akatazama matundu, akatazama kamba ya buti, akashusha pumzi. "Shemeji," akasema, "moja inasukuma, ingine inavuta. Zinakulana sauti." Akabadilisha waya mbili za kushoto. Basi, kazi ikaisha.

Tukakaa nyuma wote wawili, magoti kidevuni, tusikilize. Valérie akaja katikati yetu, karibu kabisa. Tshiamala hakuwa amesikia sauti ya dada yake tangu alipokufa. Akavua miwani. Akaomba nirudishe mwanzo. Nikarudisha. Akaomba tena.

Joyeuse amekwenda kanisani na mama yake nyuma ya shingo. Kamba ilikatika mbele ya padri na buti likafunguka. Joyeuse hakugeuka hata kutazama.

Jumatatu, 17 Juni

Tshiamala ameniomba nisiguse waya wowote bila kumwita. Nimeahidi, tukashikana mikono.

Lakini bafle za mbele sasa zinaonekana dhaifu mno kando ya zile za nyuma. Tena nimemwona akifanya kazi, na si jambo gumu. Asubuhi hii nimefungua mlango wa dereva kwa ndani. Kioo kimeanguka chini, kimo humo humo mlangoni, na hakipandi. Hakuna haja ya kumsumbua mtu. Kesho nitafungua mlango wa pili, nione kioo kinavyotakiwa kukaa.