Ndoo ya Njano kwa Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Tumekwenda kwa mama mkwe. Nimerudi na kinyongo. Yule fundi umeme aliyemwoa dada wa mke wangu, ambaye moyoni namwita Bwana Feni, amemfungia mama feni ya darini. Sebule nzima inapepea. Yeye akakalishwa kwenye kiti chenye mito na kuongezewa nyama. Mimi nikapewa shingo ya kuku. Feni yenyewe inalia kama mlango mbovu. Nilisema hivyo, na mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Lazima nipate zawadi kubwa zaidi. Ya bure, ikiwezekana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata. Mimi ni karani wa bohari ya hospitali, na nyuma ya chumba cha kufulia nimeona ndoo za njano zimepinduliwa juani. Nene, zina vifuniko vinavyobana sawasawa. Hazina mwenyewe wa kuonekana. Nikachagua moja, nikakwangua kibandiko chake: alama nyeusi, miduara mitatu imeshikana kama ua. Nembo ya kiwanda, nikajiambia. Nikaipitisha getini ndani ya gunia. Mlinzi akauliza nimebeba nini. Nikamwambia ndoo ya wizi. Akacheka mpaka akakohoa.

Mama mkwe ameipokea kwa mikono miwili. Akaniita mwanangu. Tangu nimuoe binti yake hajapata kuniita hivyo. Bwana Feni alikuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Semina ya lazima kwa wafanyakazi wote. Nilikaa nyuma, karibu na kreti la soda. Bwana Afya, ofisa anayesimamia usafi na taka, alianza na yale yale: pipa jeusi ni la makaratasi na mabaki ya chakula, la njano ni la kitu kilichogusa damu au usaha, sindano ziingie kwenye boksi lake gumu na lisijazwe pomoni. Nikaanza kusinzia. Kisha akaweka ndoo mezani. Rangi ile naijua, na ile alama ya miduara mitatu, kumbe ni onyo la maambukizi.

Akasema ndoo za namna hiyo zilibeba bandeji za wodi ya upasuaji. Zimesuuzwa tu, hazijalowekwa dawa, na zilizopasuka zilikuwa zinangoja kuharibiwa. Moja imetoweka. Aliyeichukua airudishe, hataulizwa kitu.

Ningesimama hapo hapo, yangekwisha. Badala yake nikanyoosha mkono na kuuliza: je, kama mtu, tuseme mtu tu, ameweka unga humo?

Bwana Afya akaisukuma ndoo mbele yetu. "Mtu huyo asitie mkono ndani," akasema. "Kuna virusi vya homa ya ini vinavyokaa siku kadhaa mahali pakavu. Na huwezi kujua nani alitupa sindano pasipotakiwa."

Nikairudisha soda kwenye kreti.

Alhamisi, 13 Machi

Mama mkwe ameweka unga.

Nilikwenda asubuhi, kazini nimesema naumwa. Wajukuu wanacheza jikoni, ndoo iko pale pale kando ya jiko, imevishwa kitambaa. Nikamwambia mama kiwanda kimeita ndoo zote zirudi, eti rangi inabanduka. Akasema hiyo haibanduki, ameisugua kwa mchanga. Nikasema nitamletea nyingine, bora zaidi. Akasema majirani wameshaiona hii.

Bwana Feni akauliza kwa sauti ni mwanamume gani huyo anayempa mkwewe kitu kisha anakuja kumnyang'anya.

Nikabaki na njia moja. Nikajikwaa makusudi na jagi la maji, unga ukalowa wote. Nilitegemea autupe. Mama akautandaza juu ya mkeka juani. Alasiri ulikuwa umekauka. Akaurudisha ndani ya ndoo.

Nikimtazama mjukuu yeyote namwona amelazwa wodini, macho ya njano. Nimekula matonge mawili tu ya chakula nilichoandaliwa. Kisha nikakumbuka kimepikwa kwa unga gani, nikatoka nje.

Ijumaa, 14 Machi

Siandiki vizuri. Kidole kimefungwa.

Mama alikwenda sokoni na wajukuu. Nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikazamisha mikono ndani ya ndoo niuhamishe unga kwenye gunia kisha nikimbie. Nilikuwa nimefika chini nilipohisi kitu. Kidogo tu, kama kuumwa na sisimizi. Kwenye ufa wa kitako kulikuwa na kipande cha sindano. Tone la damu likaanguka kwenye unga, jekundu kabisa.

Nikakinyonya kidole. Ndipo nikakumbuka kwamba hilo ndilo jambo la kijinga kuliko yote. Nikakaa sakafuni. Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. La pili lilikuwa wale watoto.

Mama mkwe akanikuta pale, mweupe mpaka viwikoni. Nilimwambia kila kitu. Nilidhani atapiga kelele. Akauliza tu, "Wamegusa?" Nikasema sijui. Akawaita, akakagua kidole kimoja kimoja. Wakasema bibi huchota mwenyewe, kwa kikombe. Akafumba macho kidogo. Kisha akaninawisha kwa sabuni, maji yakitiririka muda mrefu, kama mtoto mchafu.

"Twende," akasema.

Hospitalini Bwana Afya hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema ni vizuri nimekuja leo, maana ningengoja siku chache vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI visingesaidia kitu. Nimepimwa damu. Nitameza dawa mwezi mzima, na kupimwa tena. Nyumba nzima itachanjwa dhidi ya homa ya ini. Unga na ndoo vimeingia tanurini.

Mama mkwe alinisubiri kwenye benchi mpaka mwisho. Njiani hakuniita mwanangu wala jina lolote.

Jumanne, 18 Machi

Nimetolewa boharini. Sasa niko chini ya Bwana Afya: buti, aproni, glavu nene, nasukuma mapipa ya njano hadi kwenye tanuri. Naogopa kila mfuko. Vidonge vinanichefua. Kipimo cha kwanza ni safi, lakini daktari ameniambia nisisherehekee bado.

Alhamisi, 20 Machi

Mke wangu anasema mama analalamika mgongo. Godoro lake limebonyea katikati.

Leo wameleta godoro kutoka wodi ya wagonjwa wa kuambukiza, lichomwe kesho. Bwana Afya amekataza mtu hata kuliegemea. Alipokwenda kula nimeliangalia kwa makini. Ni zito, sponji ya maana. Limechanika upande mmoja tu, na doa liko upande huo huo. Likigeuzwa, nani atajua?

Nimeshaazima mkokoteni.