Ombi la Kukaa Juu ya Jiwe Bila Kuulizwa Nina Nini

Elinipendo Mathayo,
nyumba ya nne, juu ya mfongo,
Mwika.
Jumamosi, 21 Januari 1984

Ndugu Balozi wa Nyumba Kumi, Mzee Ndelilio,

Shikamoo. Naandika nikiwa na afya njema, na naomba uliweke neno hilo akilini unaposoma, maana ndilo linalobishaniwa.

Nimesikia kutoka kwa mdogo wangu Eliona kwamba katika mkutano wa nyumba kumi wa Jumapili ijayo, baada ya ibada, ajenda ya tatu ni mimi. Ya kwanza ni sukari na ya pili ni ng'ombe wa Mzee Ebenezeri. Inasemekana limeletwa pendekezo nipelekwe Chekereni kwa mjomba, nikafukuze ndege kwenye mpunga mpaka majibu ya mtihani wa kidato cha nne yatoke, kwa kuwa jua la kule halimpi mtu nafasi ya kuwaza. Sina chuki na Chekereni, wala na mjomba, wala na ndege. Lakini sitaki kwenda, na nadhani ni haki mkutano usikie upande wangu kabla haujanitoa mlimani.

Kosa langu, kwa kadiri ninavyolielewa, ni hili. Tangu nirudi kutoka shule ya bweni mwezi wa Novemba, kila siku nikimaliza kumkatia ng'ombe majani hukaa juu ya lile jiwe lililo kando ya mfongo, huo mfereji wetu wa maji, mwisho wa kihamba chetu cha migomba, nikatazama maji yakishuka. Hukaa nusu saa, nikiwa na huzuni kidogo. Huzuni yenyewe si kubwa. Haina sababu, hainizuii kula, na haijawahi kumwangukia mpita njia. Shuleni tulikuwa wasichana arobaini katika bweni moja, kila mmoja na yake, na hakuna aliyemsumbua mwenzake. Nilidhani na nyumbani itakuwa hivyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mtori. Tarehe 11 Desemba Mama alinikuta pale juu ya jiwe akaniuliza, "Una nini?" Nikajibu, "Sina kitu." Nimekuja kujifunza kwamba kwetu mtu akisema anaumwa jino huambiwa asukutue kwa chumvi, akisema anaumwa tumbo hupewa maji ya moto, lakini akisema hana kitu, hapo ndipo watu huanza kukimbia. Nilipikiwa mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mchana na jioni kwa siku tisa. Mashavu yamejaa. Sasa nikikaa pale na uso wangu wa huzuni, wanaopita husema, "Huyu ameshiba." Naona jambo hili limenivunjia heshima.

2. Vidonge. Baba alinipeleka zahanati. Mganga aliniuliza naumwa wapi. Nililifikiria swali lile kwa uaminifu, kwa sababu ni swali zuri, kisha nikamwambia kwamba sipaoni mahali penyewe. Akaandika malaria. Klorokwini iliniwasha mwili mzima kwa siku mbili. Sijui, Mzee, kama umewahi kujaribu kuhuzunika huku unajikuna. Haiwezekani. Kila unapolikaribia wazo, mgongo unaita. Niliporudi kumweleza, alifurahi sana. "Unaona? Umechangamka."

3. Shangazi Eunike. Yeye anaamini kwamba msichana wa miaka kumi na saba hatazami maji bure. Nilikana, na kukana kwangu kukaandikwa kama ushahidi. Wiki iliyofuata vijana wanne walipita kwenye jiwe langu, mmoja mmoja, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza alitaka kuazima panga. Wa pili aliulizia saa. Wa tatu alikuja kurudisha panga ambalo hakuazima yeye. Wa nne hakuwa na sababu yoyote. Alisimama tu, akatazama maji, mpaka nikamwonea huruma nikamwambia aende. Muda wote huo Shangazi alikuwa ndani ya migomba akiangalia nitashtuka kwa nani. Sikushtuka. Akahitimisha kwamba basi ni mtu wa mbali na huenda hata ni Mkatoliki, akamtaja Wenseslaus wa Tarakea anayeleta maharage sokoni. Mzee, sikuwa nimewahi kusikia habari za Wenseslaus. Sasa najua jina lake, ukoo wake, idadi ya dada zake, na kwamba ana meno mazuri. Siku za soko nikimwona nakimbia, na yeye akiniona anakimbia, maana Shangazi alimfikia pia.

4. Masale. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Ilipoonekana siumwi na sipendi mtu, bibi yangu alisema basi nimekasirika, na kama nimekasirika kuna aliyenikosea. Jioni ile ile Eliona alikuja mbele yangu na jani la sale amelishika kwa mikono miwili. Unajua vizuri kuliko mimi, Mzee, kwamba anayekuja na sale kuomba msamaha harudishwi, hata awe amefanya nini. Nikapokea. Ndipo akanieleza kwamba yeye ndiye aliyechana kurasa za katikati za daftari langu la mashairi akafungia njugu. Mimi nilikuwa najua daftari limeliwa na panya, na nilikuwa nimeshazoea.

Kesho yake akaja Mama na jani lake. Yule mbuzi wangu aliyepotea nilipokuwa darasa la tano hakupotea. Tulimla Krismasi. Mama anakumbuka kwamba niliongezewa.

Baada yake alikuja Mzee Ebenezeri, tena na mwombezi na kata ya pombe ya mbege, akakiri kwamba miaka sita mfululizo amekuwa akigeuza maji ya mfongo siku ya zamu yetu alfajiri, akidhani nimekaa pale kumchunguza. Akaja Mwalimu Yohana wa kwaya. Yeye aliniweka mstari wa nyuma na siku zote alisema ni kwa sababu ya urefu wangu. Si urefu. Wakafuata wengine sita, na mwisho alikuja Bibi mwenyewe, akiwa amejikongoja peke yake kutoka jikoni, akasema nilipozaliwa aliwaambia majirani kwamba mtoto ni mzuri, na uongo huo umemsumbua tangu siku ile.

Kwa siku saba nimesamehe watu kumi na mmoja kwa makosa ambayo sikuwa nayajua. Kabla ya masale nilikuwa na huzuni isiyo na sababu. Sasa ninazo sababu kumi na moja, na zote nimeshazisamehe, kwa hiyo siruhusiwi kuzitumia. Nakuuliza kwa heshima, Mzee: mtu wa namna hii aende wapi?

5. Kazi. Wewe mwenyewe ulisimama mbele ya watu ukasema kwamba wakati huu wa Nguvu Kazi mtu mzima na miguu yake hawezi kukaa tu, na kwamba huo ni uzururaji. Naomba kutofautiana kidogo. Mzururaji ni mtu anayetembea. Mimi nilikuwa nimekaa, na unaweza kuwauliza vijana wanne waliopita. Ukaniondolea kosa kwa kuniteua mlinzi wa mfongo, niandike jina la kila anayegusa maji. Nakushukuru kwa imani hiyo. Ila tangu hapo huzuni yangu imekuwa kazi ya umma. Nikiwa katikati ya wazo zito, mtu huniita kutoka ng'ambo, "Mlinzi! Habari za kazini?" na inanilazimu kujibu kwamba ni nzuri.

6. Watoto. Wazazi wamelalamika kwako kwamba nawaambukiza, nami sikatai kwamba walikuja. Siku ya kwanza walikuwa wawili, siku ya tatu walikuwa saba, wamekaa mstari mmoja kando ya mfongo, kila mmoja ameshika kidevu. Mkubwa wao akaniuliza, "Dada, leo tunahuzunikia nini?" Nikawaambia hakuna anayelazimishwa, kila mtu na lake, au akae tu.

Tukakaa. Kisha Ester, mtoto wa jirani yako, yule wa miaka tisa, akasema, "Mimi nahuzunikia Baba. Tangu Pasaka hajapanda kuja nyumbani." Wote tunajua baba yake yuko chini kwenye mashamba ya miwa, na wote tulikuwa tunajua hajapanda. Lakini hakuna aliyekuwa amemsikia Ester akisema. Wala hapa hakuna aliyemwuliza. Alisema kwa sababu palikuwa kimya na palikuwa na nafasi. Nilisogea akaja kukaa kwenye jiwe. Mtoto wa pili akasema basi yeye anamhuzunikia Ester. Wa tatu akasema yeye ana njaa. Wakaenda zao wakicheka, Ester naye akiwemo, na mimi ndiye ninayeshtakiwa.

Kwa hiyo, Mzee, naomba mkutano ubadili ajenda ya tatu, badala ya Elinipendo iwe jiwe.

Mfongo una zamu. Kila nyumba ina siku yake, na ikifika siku yako unafungua maji yako, na hakuna mtu anayesimama juu ya kingo kukuuliza unayataka ya nini. Naomba huzuni nayo iwekewe zamu vivyo hivyo. Kila mkazi kuanzia miaka minane hadi kumi na minane apate nusu saa kwenye jiwe, mara mbili kwa wiki, bila kuulizwa. Zamu isiyotumika iruhusiwe kupewa jirani mwenye shida zaidi. Mtori usivuke kihamba. Sale lisikaribie hatua ishirini. Mtu akiwa juu ya jiwe asiitwe mlinzi, mgonjwa, wala mchumba. Ratiba nimeiambatanisha, nimeipiga mistari kwa rula.

Najua jiwe moja halitatosha. Nimepima lile lililo karibu na njia ya kanisani. Linabeba watatu, au wawili wenye mashauri mazito. Nyumba kumi za chini zikiona mfano wetu zitataka lao, kisha kata nzima, na ifikapo mwaka 1990 sioni kwa nini kila nyumba kumi nchini isiwe na jiwe lake. Mikoa ya tambarare ambayo haina mawe tunaweza kuisaidia. Sisi huku tunayo kupita kiasi, na vijana wa Nguvu Kazi wanatafutiwa shughuli.

Kama haya yote ni makubwa mno kwa Jumapili moja, basi naomba dogo tu, ambalo naliita ombi la kwanza: niachwe Mwika, na nisiulizwe tena nina nini.

Nisalimie Mama Aikande na watoto wote hapo nyumbani, na ndama aliyezaliwa juzi. Msalimie Mzee Ebenezeri, ambaye hatuna neno naye tena ila ageuze maji siku yake. Msalimie Mwalimu Yohana. Mwambie nimezoea nyuma. Wasalimie wote watakaonyoosha mkono kunipeleka Chekereni, maana nawajua, na nyumbani kwao tunaazima ungo.

Wako katika kulijenga taifa na kukaa kimya,

Elinipendo Mathayo

Nyongeza, jioni hiyo hiyo.

Mzee, kabla sijaifunga barua hii Eliona aliisoma, akaitangaza nyumba nzima. Baba akatoa amri kwamba kuanzia leo nisiguswe. Saa kumi nilikwenda kwenye jiwe. Hakuja mtu. Dakika kumi za kwanza zilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Ya kumi na mbili nikaanza kujiuliza wamekwenda wapi. Shangazi Eunike alipita ng'ambo akitazama migomba kana kwamba hajawahi kuiona. Kisha Mama akapita na ndoo ya maziwa. Akanitazama, akaendelea kupita.

Nikaanza kufikiri nimewakosea nini. Nusu saa haikuisha. Nikamfuata zizini nikamwambia, "Mama, mbona huniulizi?"

"Nimekatazwa kwa barua."

"Niulize tu."

"Haya. Una nini?"

"Sina kitu."

Akaiweka ndoo chini, akageuza ndoo nyingine akaikalia, akangoja. Basi nikamwambia. Majibu yakiwa mabaya nitabaki hapa, na yakiwa mazuri nitaondoka hapa, na sijui ni lipi kati ya hayo ninaloliogopa zaidi. Ilichukua saa nzima na nusu, ng'ombe akiwa amekamuliwa upande mmoja. Mama hakusema jambo lolote la maana. Alikuwa anasema "Ee" tu. Baadaye nilikula mtori, mabakuli mawili, na naomba jambo hilo lisiingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kuhusu Chekereni msimamo wangu ni ule ule, tena umezidi: kule hakuna Mama. Zamu yangu ya Jumatatu naomba apewe Ester, na mtu mzima mmoja awe karibu naye, asiende mbali. Utakuta pia nimekuwekea humu jani la sale. Ni kwa sababu nakala ya barua hii niliipeleka kwa Katibu Kata tangu asubuhi, kabla yako. Unajua halirudishwi.

Ombi la kwanza, sehemu ya pili, nalifuta. Badala yake naomba Mama aruhusiwe kuniuliza nina nini. Mara moja kwa siku inatosha. Nikijibu "Sina kitu," aulize tena.