Feni Iliyogoma Wiki ya Ubatizo

Jumanne, 11 Machi
Hita ya bwawa imegoma. Wiki hii hii! Jumapili Mchungaji Reverien anabatiza kwenye bwawa letu la kuogelea, kwa sababu mto umefurika, na mama yake mzazi, Bibi Maximilla, naye anabatizwa, ila daktari kamkataza maji baridi. Baridi ya Kasulu si ya mchezo. Mama Veronica, mwenye lodge, ametamka wazi kwamba ubatizo ukienda vizuri mimi mtunza bwawa ndiye meneja. Ukiharibika, ni Careen wa mapokezi. Careen! Kaja juzi tu kutoka Bukoba, bwawa lenyewe hajawahi hata kulifagia.

Nimewasha swichi. Taa ikawaka, pampu ikavuta maji. Lakini ile feni inayopuliza hewa kwenye moto wa gesi, kimya. Nayo isipozunguka, gesi haiwaki. Nimeichapa kwa kandambili. Wapi!

Heri udaga wangu, muhogo wa kulowekwa na kukaushwa kwa ajili ya unga, uko salama. Nimeuanika humo humo chumba cha hita, maana kwa mvua hizi muhogo haukauki nje hata ufanyeje. Natwanga humo, nachekecha humo, mlio wa pampu unanificha. Meneja mtarajiwa lazima awe na mradi.

Jumatano, 12 Machi
Nimebadilisha fyuzi. Bado. Nikampigia fundi Hashimu, yuko Kigoma mjini, hawezi kufika kabla ya Jumatatu. Akaniuliza kama chumbani kuna vumbi. Vumbi! Nikamjibu kwamba chumba changu ni kisafi kuliko jiko la mkewe. Akasema basi nifungue kifuniko cha feni nichungulie. Sikufungua. Mimi nifungue, yeye ale hela ya ufundi?

Careen kaniuliza kwa nini nyusi zangu ni nyeupe. Nikamwambia ni mvi za majukumu.

Ijumaa, 14 Machi
Sasa nimeelewa. Ni hujuma! Feni nzima haiwezi kujifia yenyewe wiki ya cheo changu. Careen ana mkono wake hapa.

Dawa ya moto ni moto. Nimechukua feni yake ya mapokezi, nikaielekeza kwenye hita, nikawasha. Gesi haikuwaka. Unga wote ukaruka. Nimetoka mweupe hadi kope, na nani yuko mlangoni? Yeye. Akauliza feni yake iko wapi. Nikamwambia mjini kuna wezi wa feni, awe makini. Kaniangalia kuanzia kope hadi kandambili, kageuka, kaondoka. Dharau ya namna hiyo sijaiona.

Jumamosi, 15 Machi
Siku mbaya. Mama Veronica amekuja na Bibi Maximilla ili bibi ayaonje maji. Bibi kachovya kidole, akakitoa haraka, akajifunga kitenge vizuri. Mama Veronica akataka hita ifunguliwe. Nikaeleza kwa heshima kwamba bila fundi ni hatari. Careen akatoa bisibisi mfukoni. Mfukoni! Nani anatembea na bisibisi kama hana njama?

Kifuniko kikatoka. Mapanga ya feni yameganda ndani ya donge jeupe, limeiva kwa mvuke, limeng'ang'ania kila mahali. Nikasema haraka kwamba hiyo ni grisi ya kisasa. Bibi Maximilla akamega kidogo, akanusa, akatia mdomoni.

"Mwana wanje, mwanangu, huu ni ugali," akasema. "Na udaga wake haukulowekwa vizuri."

Wamecheka mpaka Mama Veronica akakaa chini. Ugali, sawa, siwezi kubishana na ushahidi. Lakini haukulowekwa vizuri? Hiyo ni kashfa! Nimeumia sana.

Jumapili, 16 Machi
Akina mama wa kanisa wamechemsha maji kwenye masufuria ya harusi, wakayamimina kwenye simtanki lililokatwa juu. Bibi akazamishwa humo, akaibuka anacheka, vigelegele mpaka barabarani. Wengine wameingia bwawani wakitetemeka, na kila aliyetoka amenitazama mimi.

Careen ni meneja. Amri yake ya kwanza: nisugue feni kwa mswaki. Nimesugua nikilia kwa hasira. Nilipomaliza, ikanguruma mara moja. Shukrani? Hakuna. Kafunga chumba, kaondoka na ufunguo.

Jumatatu, 17 Machi
Fundi Hashimu kafika, kacheka, kala chakula cha mchana, kaondoka.

Nimewaza usiku kucha na kosa langu nimeliona. Niwe mkweli, bibi alisema haki: niliharakisha kuloweka. Muhogo uliolowekwa vizuri usingenidhalilisha vile mbele za watu.

Lile simtanki la ubatizo bado lina maji, na yana uvuguvugu bado. Nimeshatumbukiza kiroba kizima cha muhogo. Chumba cha hita kina joto, sakafu imesuguliwa, na huyo meneja wao hajui kwamba ufunguo wa pili ninao mimi.