Jua la Paani Lirudishwe kwa Mashuka

Ndugu Mkurugenzi wa Maabara ya Ghorofa ya Juu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umetulia kwenye kiti chako kinachozunguka. Mimi ni dobi wa hapa chini. Nimepokea agizo lako kwamba niondoe kamba zangu paani, kwa kuwa mashuka yangu yanakitia kivuli chombo cha mtafiti wenu, ambaye kwa bahati yangu mbaya ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Bila jua la paani mashuka ya nyumba za wageni hayakauki, na yasipokauka wateja watanikimbia. Kwa heshima na taadhima, nalalamika hivi:

1. Chombo chenyewe ni bakuli la kioo lenye maji na unga mnaouita kichocheo. Jua likiupiga unga, eti maji yanagawanyika, na gesi ya haidrojeni inatoka kwa viputo. Nimechungulia. Viputo hivyo, Mkurugenzi, hata uji unaochemka unavishinda. Beseni langu lina mapovu hadi viwikoni na sijawahi kuliitia waandishi wa habari.

2. Nasikia gesi hiyo ikichomwa ili itoe umeme inarudi kuwa maji. Ala! Kwani maji yaliwakosea nini hata myasumbue safari yote hiyo?

3. Hili ndilo lililonichoma. Wifi alisimama mbele ya mashuka yangu akanieleza kwamba unga wa kwanza ulikuwa mweupe, na huo ndio uvivu wake: unaurudisha mwanga badala ya kuufanyia kazi. Dawa yake ni kuugeuza wa manjano, ili umeze mwanga zaidi. Vidole vyangu vimechubuka kwa kuondoa manjano kwenye foronya za watu, kumbe nyinyi mna digrii za kuyatia! Juzi upepo ulipeperusha unga huo ukatua kwenye shuka la mteja. Badala ya kuomba radhi, wifi alitaka kulilowesha aone kama nalo litatoa viputo.

4. Siku za mawingu mnawasha taa kubwa kuigiza jua. Yaani umeme wa kutengeneza jua, jua la kutengeneza gesi, gesi ya kutengeneza umeme. Huku chini mtu akianza mambo hayo tunawaita ndugu zake.

Kwa hiyo naomba chombo kihamishiwe chini ya ngazi na taa yenu hiyo hiyo. Ikishindikana, maabara yote ihame. Hilo nalo likishindikana, wifi yangu aachishwe kazi aje kwangu, maana viputo anavyovitafuta viko tayari.

Msalimie mhasibu, mlinzi wa getini, na yule bwana wa miwani anayepanda ngazi akihema. Wifi usimsalimie, tutaonana nyumbani.

Wako mwenye mikono misafi,
Dobi wa Chini

N.B. Sijafunga bahasha, mvua imekuja bila hodi. Nimepanda mbio nikamkuta wifi anaanua mashuka yangu, kajitwika lundo zima, na bakuli lake, ambalo anasema leo lilikuwa linatoa viputo kuliko siku zote, limepinduka na unga wote umekwenda na maji. Angeweza kuokoa kimoja tu. Sasa amekaa juu ya furushi la nguo chafu analia, na mashuka kayakunja vibaya, hajui kukunja huyu. Kamba nimeshazihamishia upande wa kivuli kwa mikono yangu mwenyewe. Mpe unga mwingine, Mkurugenzi, wa manjano kabisa. Barua hii ningeichana, ila mwandiko mzuri kama huu sitaupata tena. Lakini pale penye viputo na uji, tafadhali, usimsomee.