Kiti cha Mshale

Jumapili, 4 Mei
Mshale umekamilika, bado kiti tu. Gari la mbio la mtu mmoja. Nimelichora mimi kwenye meza ya chakula, akalichomelea shemeji, kaka wa mke wangu, karakanani kwake. Injini ya pikipiki nyuma, pua nyembamba, hakuna nafasi ya abiria wala ya ushauri. Mbio ni Jumamosi. Shemeji anasema aliyechomelea ndiye ataendesha. Mimi nasema aliyechora. Tumeagana kwa heshima, kila mmoja akimwona mwenzake hana akili.

Jumatatu, 5 Mei
Nimepata njia. Kiti cha gari la mbio hufinyangwa kwa mwili wa dereva. Unachanganya dawa mbili ndani ya mfuko wa nailoni, unaukalia, povu linaumuka, linakukumbatia hadi mbavuni na kuganda hivyo hivyo. Baada ya hapo asiye na umbo lako haingii. Na shemeji ni pande la mtu, mlangoni hupita kiubavu.

Basi leo, alipotoka kununua vifaa, nikajikalisha. Mke wangu akamimina. Nilibana tumbo, nikabana na mbavu, maana kiti hudumu miaka na sikutaka kiweke ushahidi. Akaniambia nipumue. Nikakataa kwa mkono. Akauliza kama mbioni pia nitakwenda hivyo, nimebana. Kiti kimetoka kizuri ajabu! Nimejiona nilivyokuwa siku ya harusi.

Jumanne, 6 Mei
Shemeji amejaribu kuketi, akaishia mapajani. Akasema ameelewa. Nilimwonea huruma hadi kwenye saa sita.

Mchana ikawa zamu yangu. Nimeingia bila shida. Nimefunga mikanda. Kisha nikapumua. Tangu hapo sikuweza kupumua tena sawasawa, wala kutoka. Wamenivuta wawili, yeye na dada yake, huku na huku kwapani. Shemeji hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 7 Mei
Shemeji amekuja na kisu cha kukatia magodoro. Anasema akichonga kidogo mbavuni nitaenea. Nimekataa katakata. Kwanza, itakuwa nimekiri. Pili, kisu kikianza kwenye mbavu zangu kitamalizia kwenye mabega yake. Nimewaeleza kwamba kiti hakina kosa, kosa ni chakula. Sili mkate hadi Jumamosi. Si jambo dogo: mke wangu kazi yake ni kusambaza mikate madukani, na gari lake hulala chini ya dirisha letu.

Alhamisi, 8 Mei
Sijala mkate. Najisikia mwepesi. Mke wangu anasema ni njaa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimekula mkate.

Jumamosi, 10 Mei
Uwanjani mapema. Nimebana, nimeingia, nimefunga. Nilipendeza. Akaja msimamizi wa mbio, mama mmoja mpole mwenye filimbi. Akasema kila dereva atoke garini mwenyewe, upesi, kana kwamba gari linawaka moto. Jirani zangu wote wakaruka nje. Mimi nikabaki. Akarudia, akidhani sijasikia. Nilikuwa nimesikia.

Baada ya kuvutwa, msimamizi akasema Mshale hautashindana bila dereva. Nikamtazama shemeji, shemeji akatazama mabega yake. Kazi ya miezi yote ile inarudi nyumbani ikiburutwa. Ndipo mke wangu akanipa mkoba nimshikie, akaingia ndani ya Mshale, akatoka, akaingia tena. Kiti nilichokifinyanga kwa mwili wangu wa siku ya harusi kimemwenea yeye leo. Msimamizi akakubali.

Ameendesha kama anavyobeba mikate. Hakuna kona aliyoichukua kwa fujo. Wenye haraka wakaishia nyasini, mmoja mmoja, naye akiwapita taratibu. Amekuwa wa tatu! Nimeshangilia hadi sauti ikakauka. Nilikuwa na fahari na wivu kwa pamoja, na bado nimeshika mkoba.

Jumapili, 11 Mei
Asubuhi wamekaa jikoni wakizungumzia mbio zijazo. Shemeji anasema Mshale una bahati. Mke wangu, kwa upole wake, akasema gari ni langu, niendeshe mimi, ila kiti kichongwe. Kisu kilikuwa mezani, kando ya mkate. Nimewashukuru, nimekataa.

Sababu ni kwamba nachora gari la pili. Jembamba zaidi. Nilipokosea nimeshapaona: Jumatatu ile sikubana vya kutosha. Nimemwomba mke wangu animiminie tena povu kesho. Ameuliza kama safari hii nitapumua. Nimetikisa kichwa tu. Kusema nisingeweza, nilikuwa nimeshaanza mazoezi.