Doa la Mraba wa Kumi na Nne

Jumapili, 2 Agosti

Boti ya shemeji imeingia madoa. Nimeyahesabu. Kumi na moja! Mawili ni ukungu mweusi, kwa sababu niliikunja ikiwa mbichi. Manane ni ya zambarau, kwa sababu Jumapili iliyopita niliijaza upepo uani, nikajilaza ndani yake chini ya mzambarau kutwa nzima, nione nahodha anajisikiaje. Anajisikia vizuri sana. Moja sijui limetoka wapi. La kahawia, ubavuni kwa chini, duara, ukubwa wa kitako cha kikombe.

Shemeji, kaka yake mke wangu, anarudi kutoka safari Jumamosi. Boti aliniachia niitunze, si niitumie. Alisema akiikuta safi atatupa siku nzima bwawani, mimi na Mama Watoto. Na Mama Watoto nimemwahidi kumvusha bwawa lile tangu mwaka tuliooana. Miaka kumi na miwili! Kofia ya ukindu ameshanunua.

Alipoyaona madoa akasema ni maji, sabuni ya kipande na sponji laini, basi. Nikacheka kimoyomoyo. Kama mambo ni rahisi hivyo, akili tulipewa za nini?

Jumatatu, 3 Agosti

Kazini sikufanya la maana. Nilikuwa nawaza. Doa ni nini hasa? Kwa nini zambarau inang'ang'ania mpira lakini sahani haiing'ang'anii? Miaka yote nimeishi duniani na hakuna aliyewahi kunieleza.

Nimeamua: sisafishi, nachunguza. Mimi ni mtunza ghala, na ghalani kwetu kitu kisicho na namba hakipo. Kwa hiyo jioni nimeigawa boti nzima kwa rula, miraba ishirini na minne, kila mraba na namba yake na dawa yake. Kalamu ni ile ya kuandikia masanduku. Wino mweusi, mzito, hautoki hata mvua inyeshe wiki. Doa la kahawia limeangukia mraba wa kumi na nne.

Fundi viatu, jirani yetu, akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama napiga vigae. Nikamwambia hii ni sayansi. Akaitazama namba kumi na nne kwa muda, akasema lile la kahawia yeye asingeligusa. Wivu! Yeye kazi yake ni kupiga kiwi viatu vya watu, anaona uchungu mwenzake akigundua jambo.

Jumanne, 4 Agosti

Matokeo ya kwanza. Mraba wa kwanza, dawa ya meno: doa lipo, linanukia. Wa tatu, limau: doa lipo, na sisimizi wamefika. Wa tano, jivu: sasa ni madoa mawili. Wa sita, siki na unga wa kuokea: povu la ajabu! Limepanda mpaka kwenye kiwiko. Nimerudia mara nne, ingawa tangu mara ya kwanza nilishaona kwamba doa halikujali.

Mama Watoto ameuliza dawa ya meno imekwenda wapi. Nimemwambia iko kwenye utafiti. Amesema basi na mimi nikapige mswaki huko huko.

Jumatano, 5 Agosti

Hujuma! Nimerudi kazini, madoa kumi hayapo. Ukungu hakuna. Zambarau hakuna. Mama Watoto amechukua sabuni ya kipande na sponji, akamaliza kila kitu wakati maji ya chai yanachemka. Nikamuuliza kwa upole kama anajua ameua uchunguzi wa siku tatu. Akaniuliza kama najua kwamba namba zangu hazitoki. Amezisugua mpaka mkono umemuuma.

Ni kweli hazitoki. Boti sasa imebaki na doa moja la kahawia na miraba ishirini na minne. Sikuvunjika moyo. Doa la kahawia hata sponji yake imeshindwa. Kwa hiyo nimeachiwa mimi.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, nimesema tumbo. Nimelala kifudifudi uani saa mbili nzima na kioo cha kukuzia, uso kwa uso na doa. Linapendeza, jamani. Katikati limenona, pembeni limekonda, na ukingo wake umeinuka kidogo, unang'aa. Sikujua doa linaweza kuwa na ukingo.

Fundi viatu akachungulia tena. Akasema, "Jirani, hilo si doa. Sikiliza nikueleze." Nikainua mkono kumnyamazisha. Siku nne mimi natoka jasho, yeye aje dakika ya mwisho jina lake liingie! Akasema haya, akarudi kwenye soli zake.

Ijumaa, 7 Agosti

Nimeshinda!

Nimetoka ghalani na kichupa cha ile dawa ya kulainishia rangi, inayonuka mpaka machozi yanatoka. Matone machache tu. Likaanza kujikunja pembeni, nikalivuta kwa kucha taratibu, likabanduka zima zima kama utando wa maziwa. Chini yake mpira safi kabisa, isipokuwa kitundu kidogo katikati, cha sindano. Nadhani ndio mzizi wa doa.

Dawa ile imefuta na namba kumi na nne. Nimeiandika upya, nene zaidi, kumbukumbu isipotee.

Mama Watoto alikuwa mbele ya kioo anajaribu kofia, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule. Nimefurahi mpaka usingizi umegoma.

Jumamosi, 8 Agosti

Asubuhi boti ilikuwa imelegea. Baridi ya usiku, bila shaka. Nikaipiga pampu.

Shemeji alipofika aliitazama miraba. Nikamweleza mfumo wote, kuanzia dawa ya meno. Akasema angalau ni safi. Tukaenda bwawani, na fundi viatu naye, na mkoba wake wa kazi. Kaalikwa na Mama Watoto. Sikuuliza kwa nini.

Nikashika makasia. Mama Watoto alikaa mbele, kofia kichwani, mkono ameutumbukiza majini. Akasema, bila kugeuka, "Miaka kumi na miwili, Baba Watoto. Kumbe utu unao."

Ndipo nikasikia psss. Nikamwambia ni upepo. Akasema upepo gani unatoka chini ya sketi yake. Boti ikajikunja katikati, tukakutana magoti kwa magoti, kisha tukawa tumesimama ndani ya maji ya kiunoni. Kofia ikaondoka na upepo. Ilivuka bwawa. Peke yake.

Ufukweni shemeji akauliza, kwa sauti ya chini, "Kiraka changu kiko wapi?" Kumbe mwaka jana ndoano ilimtobolea boti, akaziba kwa gundi, na gundi ikizeeka inageuka kahawia. Fundi viatu akasema alitaka kunieleza. Nikawaambia tusilaumiane, angalau tundu halitafutwi: mraba wa kumi na nne. Hakuna aliyenishukuru.

Fundi akafungua mkoba, akaziba, tukangoja gundi ikauke. Kisha shemeji akamchukua dada yake. Nilipotaka kupanda, Mama Watoto akasema, "Wewe baki na mataulo." Wakavuka mpaka ng'ambo, wakaikuta kofia kwenye matete. Nikamwona anacheka kule mbali. Nilimwonea shemeji wivu unaouma, na bado nilifurahi kwamba amevuka.

Jumapili, 9 Agosti

Mama Watoto ananiongelesha. Anasimulia ng'ambo tu: kuna jiwe la kukalia, kuna ndege wa buluu. Amenisamehe, nadhani. Shemeji amesema boti haitunzwi tena kwangu, lakini wiki ijayo atatuvusha wote wawili, mradi mimi nikae katikati na mikono mifukoni.

Kofia imerudi na alama ya kijani ukingoni, ya maji ya bwawa. Mama Watoto kaitundika ukutani sebuleni, akasema isiguswe, anaitaka hivyo hivyo, ni kumbukumbu yake. Kisha kaenda kwa dada yake mpaka jioni.

Kijani cha ajabu. Si cha majani, si cha rangi. Kimeingiaje ndani ya ukindu? Nimeishusha niitazame tu. Nimeipima kwa rula. Inaingia miraba minane.